Jinsi Boga la Bibiane Lilivyonusurika Vidole

Njooni, enyi watu wa Mount Druitt huku ughaibuni, na wa kando zake, njooni mliotoka zamu ya usiku na ninyi mnaojifunga kwenda zamu ya asubuhi. Zimeni televisheni, punguzeni moto chini ya maharage, kalisheni watoto, kwa maana habari hii si ya kusikilizwa huku mtu anachambua mchele. Vita vimepiganwa. Havikupiganwa kwa mikuki wala kwa mizinga, bali kwa vidole; na aliyevipigana hakuwa jemadari wala mwana wa mfalme, bali Bibiane wa Uvira, mke wa Symphorien, mtunza wazee katika nyumba ya wazee, mwanamke mwenye magoti yanayolia akipanda ngazi. Ewe ulimi wangu, uliozoea kulalamikia bei ya vitunguu, jinyooshe leo, unene makuu!

Kwanza ijulikane vita vilitoka wapi. Katika bustani ya jamii iliyo nyuma ya reli, ambako kila familia imepewa tuta lake na bomba ni moja, Bibiane alikuwa na tuta la pembeni. Majira ya machipuko alifukia mbegu za boga alilolinunua kwa ajili ya supu, boga la kijivu lenye ngozi kama ya kiboko, na asidhaniwe kwamba alitaka maboga. Hasha. Alitaka majani. Watu wa kwao huyaita bishusha: unachuma ncha changa, unamenya nyuzi za kikonyo mojamoja taratibu kama unayemvua soksi mtoto aliyelala, unakata, unapika kwa karanga za kusaga. Basi mmea ukasikia nia yake. Ukatambaa, ukaruka vitunguu vya Ntwari, ukazunguka kunde za Waceke, ukaikata njia ya kwenda bombani, ukavuka mpaka na kuingia katika nchi ya Bi Hija bila pasi wala viza. Kila Jumapili baada ya ibada wanawake walikuja na mifuko, wakachuma, wakaenda zao, na Jumapili iliyofuata mmea ulikuwa umechipua kama haukuguswa. Nusu ya masufuria ya mtaa ule yaliutegemea. Armelle, aliyekuwa mjamzito na hakuna chakula kingine kilichokubali kukaa tumboni mwake, aliutegemea kuliko wote.

Sasa Bi Hija alikuwa mwenyekiti wa bustani. Mzaliwa wa Tanga, mwenye kazi ya ofisini mjini, Kiswahili chake kimepigwa pasi. Naye alijaliwa kidole. Sisemi vidole, vidole kila mtu anavyo. Nasema kidole: kile cha shahada, cha mkono wa kulia, kirefu, chenye pete ya fedha, kilichotangulia maneno yake kama tarishi amtanguliavyo sultani. Kwa kidole hicho alionyesha magugu, akaonyesha bomba lililoachwa wazi, akaonyesha waliochelewa mkutanoni. Na siku moja kikaonyesha njia.

"Dada Bibiane," akanena Bi Hija, amesimama juu ya mmea, mguu mmoja huku na mwingine huku, "njia hii ni ya watu wote. Juzi Mzee Oloo amejikwaa hapa na ndoo yake, maji yote yakaishia viatuni. Kamati imeamua. Jumapili mmea huu unakatwa, kuanzia hapa," kidole kikashuka, "mpaka kule."

Bibiane akashika kichwa kwa mikono miwili.

"Mama Hija, utuhurumie! Iko na boga moja humo ndani, chini ya majani. Boga yangu ya kwanza."

"Boga langu."

"Hapana, si yako, ni yangu!"

"Nasema useme boga langu, dada. Si boga yangu. Ngeli."

"Haya, kama ni lako au ni yangu, itakuwa yetu wote, lakini usiikate!"

Waliokuwa wakimwagilia wakacheka mpaka maji yakaenda kando, na Bi Hija mwenyewe akauma mdomo asicheke. Ndipo akatoa masharti, kama mfalme aliyeuzingira mji atoavyo.

"Sikiliza basi. Jumamosi ni maonyesho ya maua na mazao ya kile kijiji cha kule juu, chini ya milima. Miaka yote tunapeleka vitu na miaka yote tunarudi mikono mitupu, hata wanatuuliza kama tunalima au tunapumzika. Peleka boga lako. Likirudi na utepe wa ushindi, wa rangi yoyote ile, mmea nitautetea mimi mwenyewe mbele ya kamati. Likirudi bila utepe, nakuja na mkasi. Liko wapi hilo boga?" Na kidole kikainuka kulitafuta.

Bibiane akajitupa mbele yake kama golikipa.

"Usinyooshe!"

Kwa maana ipo sheria, nanyi mnaijua, na asiyeijua amuulize bibi yake: boga halinyooshewi kidole. Atakaye kulionyesha akunje kidole, au aonyeshe kwa ngumi, au kwa kidevu. Akinyoosha, boga litaoza kuanzia ndani, kimyakimya, kama ndoa. Wako wanaosema sheria hiyo ni ya boga changa peke yake. Bibiane aliishika nzima nzima, bila punguzo: boga ni boga mpaka liingie chunguni.

"Ushirikina huo," akasema Bi Hija. "Boga linaoza kwa maji na ukungu. Hata bibi yangu kule Muheza alikuwa akisema hayo hayo, nami nikimjibu hivi hivi."

"Na maboga yake yalifanyaje?"

Bi Hija akageuka akaangalia bomba kama limeachwa wazi. Halikuwa limeachwa wazi.

Basi Bibiane akaingia katika siku za ulinzi. Alitafuta ngao ya kulifunika boga lake asione kitu kinachofaa, mpaka macho yake yalipotua juu ya kizibao cha kazi cha mumewe, kile cha manjano kinachomulika, chenye mistari ya fedha, ambacho bila hicho hakuna mtu anayeruhusiwa kutia mguu katika ghala za Wetherill Park. Akalivisha boga, akafunga vifungo vyote.

Jioni Symphorien, dereva wa forklift, gari la kuinulia mizigo ghalani, mtu mpole mwenye maneno machache kama mvua ya Januari, akapekua nyumba nzima.

"Mama Ketsia, kizibao changu kiko wapi?"

"Kiko kazini."

"Kazini wapi, na mimi niko hapa?"

"Inalinda boga."

Symphorien akakaa kitini. "Itapata overtime?" akauliza, kisha akaenda kumwazima jirani kizibao chake.

Lakini oneni jinsi hila ya binadamu inavyomrudia! Kizibao kile kilitengenezwa kiwandani ili kionekane kutoka mbali, na kikaonekana. Abiria wa treni walikiona. Wapita njia walisimama kwenye uzio na kuuliza ni mfanyakazi gani aliyelala katikati ya majani, naye hajaamka tangu jana. Na kila aliyeuliza alinyoosha kidole. Waceke akaja mbio kwa Bibiane: "Mama, wamelinyooshea boga lako vidole kama kumi!"

Hapo ndipo ilipodhihirika hekima ya Bibiane, Mama wa Mashauri. "Tulia, binti," akasema. "Wamenyooshea kizibao. Kama kuna kitu kitaoza, ni kizibao ndiyo itaoza, na ni ya kampuni."

Jumamosi ikapambazuka. Bibiane alilikata boga kwa kisu kilichooshwa, akaliacha na kikonyo chake, akalipangusa kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu kama anavyowapangusa wazee wake. Akalivisha kizibao tena, akalibeba mgongoni, akalifunga kwa kitenge chenye tausi, kizuri, kile cha harusi. Ndivyo alivyoketi katika gari dogo jekundu la Bi Hija, ameinama mbele, boga mgongoni, akikataa katakata kulitia kwenye buti la gari.

"Utavunjika kiuno," akasema Bi Hija.

"Kiuno yangu haina masharti ya utepe."

Mlangoni pa ukumbi wa kijiji alisimama mama mmoja wa Kizungu mwenye aproni ya maua, mlinzi wa lango, mtoa kadi. Alipouona mgongo wa Bibiane uso wake ukachanua.

"Jamani, mtoto! Ana umri gani?"

"Miezi minne," akajibu Bibiane, naye hakusema uongo.

"Naomba nimwone kidogo." Yule mama akafunua upindo wa kitenge. Akaurudisha upindo mahali pake kwa adabu kubwa. "Maboga ni kule mwisho, mpenzi," akasema, "baada ya jamu."

Nani atausimulia ukumbi ule? Palikuwa na meza ndefu zilizotandikwa karatasi nyeupe, na kila kilichoumbwa kilikaa katika kundi lake kama makabila ya Israeli jangwani. Maua ya dalia kundi la shina moja, dalia kundi la mashina matatu, na ole wake atakayeleta mawili. Ndimu zenye vikonyo. Skonzi sita sahanini, zote za urefu mmoja, kana kwamba zimezaliwa tumbo moja. Jamu za stroberi ndani ya chupa zisizo na alama ya vidole. Kundi la haragwe refu kuliko yote, na kundi la karoti mbaya kuliko zote, ambamo karoti moja ilikuwa na miguu miwili na jambo jingine tusilolitaja mbele ya watoto. Na mwisho kabisa, chini ya dirisha, kundi la boga moja, la aina yoyote, na kikonyo chake.

Wapiganaji walikuwa wanne. Wa kwanza alikuwa boga la chungwa la Bwana Trevor, bingwa wa miaka yote, kubwa kama mto mnene wa kukalia, limeketi peke yake kama sultani aliyeshiba. Wa pili alikuwa boga refu la rangi ya krimu, jembamba shingoni. Wa tatu alikuwa boga la kijivu la mtu wa kijijini. Wa nne, lilipofunuliwa, alikuwa boga la Bibiane. Nalo, ee Mungu, lilifanana na la tatu kama pacha.

Nasema lilipofunuliwa, maana ilitoka amri ya kutisha: kitu chochote cha mashindano hakiruhusiwi kufunikwa. Kitenge kikavuliwa. Kizibao kikavuliwa. Boga likabaki uchi mbele ya kijiji kizima, na milango ikafunguliwa, na jeshi likaingia.

Lilikuja na vidole! Wazee kwa vijana, wenye kofia na wasio na kofia, walijongea meza ya maboga huku mikono yao inapanda, kwa maana watu wale hawajui kutazama kitu bila kukinyooshea. Lile la Bwana Trevor lilichomwa vidole pande zote, kushoto na kulia, mbele na kisogoni, na Bwana Trevor akafurahi, maskini, hajui atendewalo. Kisha kidole cha kwanza kikageuka kuelekea upande wa kijivu.

Bibiane hakuwa na ngao. Hakuwa na mkuki. Alichokuwa nacho ni salamu.

Kabla kidole hakijanyooka, alikidaka, chenyewe na mkono wake, akautia kati ya viganja vyake viwili. "Good morning! How are you? How is the family? And the home? And the work?" Mwenye kidole, bwana wa miraba minne, hakuwahi kuulizwa mambo mengi hivyo na mtu asiye polisi. Alipokuwa akijibu kuhusu familia kidole chake kilikuwa kimeshalegea. Huyo akaachiwa, akadakwa mwingine. Kushoto, salamu. Kulia, salamu. Kikongwe aliyenyanyua fimbo badala ya kidole alisalimiwa yeye na fimbo yake. Ilikuwa kama mwanamke anayefukuza kuku juu ya ulezi aliouanika, ila kuku wale walikuwa watu wazima na kila mmoja aliondoka akitabasamu. Mama mmoja akamnong'oneza Bi Hija akiuliza kama rafiki yake anagombea udiwani, kwa sababu kura yake atampa.

"Hagombei," akasema Bi Hija, akijifanya hamjui.

Lakini katika kupunga na kusukuma mikono yote hiyo, kadi mbili za majina zilizokuwa mbele ya maboga ya kijivu zilipeperuka zikaanguka chini ya meza, wala hakuna aliyeona. Na Bibiane, katika ushindi wake, alimdaka mzee mmoja mwembamba mwenye suruali iliyoshikwa na suspenda mabegani, naye mzee yule hakumwachia. Mkewe alikuwa amefariki, watoto wako mbali, na hakuna aliyemsalimu kwa mikono miwili tangu mazishi. Akaanza kumweleza Bibiane habari za nyonga yake. Akamaliza nyonga akamvuta mpaka kwenye meza ya ndimu zake. Bibiane angeweza kujichomoa kutoka kwa simba. Kutoka kwa mzee mwenye huzuni hakuweza.

Wakati huo huo ukumbi ukanyamaza. Mwamuzi alikuwa amefika: Bi Noreen, nywele nyeupe, buti za shambani, penseli nyuma ya sikio. Kamba ikavutwa mbele ya meza. Bibiane alikuwa mbali, ametekwa, kwenye ndimu.

Bi Noreen akayatazama maboga mawili ya kijivu. Akainama, akatazama chini ya moja, akatazama chini ya jingine.

"Haya hayana kadi. Ni yapi ya nani? Lipi limetoka bustani ya Mount Druitt?"

"Ni letu," akasema Bi Hija, aliyekuwa karibu na kamba. "Sisi ndio Mount Druitt."

"Lipi? Nionyeshe."

Ndipo kidole kikainuka.

Bibiane alikiona kutoka upande wa pili wa ukumbi. Aliona pete ikimeta. Aliwaona wanawake wa Jumapili na mifuko yao mitupu, akamwona Armelle ameinamia beseni, akauona mkasi. Alitaka kupiga kelele na Kiingereza chote kikamkimbia, Kifaransa kikakifuata, na Kiswahili kikatoka mbio nyuma yao. "Na sasa ndimu za upande wa pili wa uzio," akaendelea mzee, ameushika mkono wake.

Kidole cha Bi Hija kikapanda mpaka usawa wa kiuno. Kikapanda mpaka usawa wa kifua. Kilikuwa karibu kunyooka, kimebakiza pingili moja tu, na macho ya Bi Hija yalikuwa juu ya boga. Na jinsi macho yale yalivyokuwa, msichana wa shule angeyajua, ni macho ya mtu aliyesikia jina lake likiitwa na bibi yake kutoka jikoni.

Pingili ikasita. Kidole kikajikunja. Vingine vyote vikajikunja pamoja nacho, na Bi Hija wa Tanga, msomi, mwenyekiti, akanyoosha mbele ya watu wote ngumi iliyofungwa vizuri, akaonyesha boga la kulia.

"Lile," akasema.

"Umeumia mkono, mpenzi?" akauliza Bi Noreen.

"Hapana. Maboga tunayaonyesha hivi."

Bi Noreen akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeambiwa jambo la maana. Akakunja kidole chake mwenyewe, kidole kizee chenye udongo kwenye ukucha, akalibishia boga la Bibiane hodi kwa kifundo: ko, ko. Akasikiliza. Ko. Akaandika kitu. Akaenda kwa pacha wake: ko, ko. Akaenda kwa lile refu. Na mwisho akamfikia sultani, boga la Bwana Trevor, akabisha hodi.

Bwuu.

Akabisha tena. Bwuu. Wakaitwa watu wawili wenye nguvu wakaligeuza, na chini yake, mahali ambapo hakuna jicho lililofika, palikuwa na sehemu laini kama uji, kubwa kama kiganja. Ukumbi ukavuta pumzi. Wako watakaosema ni maji, wako watakaosema ni ukungu. Mimi sibishani nao. Nauliza tu ni nani aliyenyooshewa vidole asubuhi nzima.

Bingwa akatolewa nje kwa toroli. Yakabaki matatu. La kwanza likatangazwa lile refu. La pili, la kijivu la kijijini. Kisha Bi Noreen akachukua utepe wa kijani, akauweka juu ya boga la Bibiane, akasema maneno haya, nami nayaandika kama yalivyosemwa: "Ganda lina makovu, kikonyo kifupi. Lakini ni zima."

Wa tatu! Wa tatu katika watatu! Kutoka kwenye ndimu kikapaa kigelegele, kirefu, cha Uvira kabisa, mpaka skonzi zikatetemeka sahanini na dalia ya shina moja ikaangusha petali. Bibiane akaja akiwa amemshika mkono yule mzee, maana alikuwa bado hajamaliza, na wote wawili wakalia, kila mmoja kwa sababu yake.

Njiani kurudi, boga likiwa mgongoni na utepe ukipepea dirishani, walifika taa nyekundu ya pili.

"Ule mkono," akasema Bi Hija, macho mbele. "Usije ukasema kitu bustanini. Ilikuwa baridi yabisi. Kidole kilikakamaa tu."

"Ndiyo, Mama Hija. Pole sana. Ugonjwa mbaya."

"Mbaya sana."

"Kwetu pia iko. Inashika watu wenye heshima."

Bi Hija akakanyaga mafuta kwa nguvu zaidi kidogo kuliko ilivyohitajika.

Na Jumapili kamati ikakutana kando ya bomba. Mzee Oloo alileta viatu vyake kama ushahidi. Bi Hija akautetea mmea kama alivyoahidi, akasema kwa muda mrefu, mikono nyuma, mpaka Mzee Oloo akaomba kiti. Ikaamuliwa kwamba njia ya watu wote haiwezi kuzibwa, hilo ni sheria. Lakini sheria haisemi njia lazima inyooke. Ntwari akaleta koleo. Waceke akaleta chokaa. Kufikia saa ya kupika, njia ilikuwa imehamishwa, ikapinda kulizunguka tuta la pembeni, ikapita kando ya uzio na kurudi tena, na Armelle alikuwa amekwenda nyumbani na mfuko umejaa.

Zimekuwapo falme zilizohamisha mito, na wafalme waliovunja kuta. Vitabu vimejaa habari zao. Lakini nendeni mkaone kwa macho yenu nyuma ya reli ya Mount Druitt. Kila achukuaye ndoo kwenda bombani, awe mkubwa au mdogo, awe mwenyekiti au Mzee Oloo, akifika pale hupinda kushoto, huzunguka, hurudi. Naye awe anajua au hajui, kwa hatua zile zote za ziada anampa heshima Bibiane wa Uvira, aliyekuwa wa tatu.